Uzoefu wangu na matairi ya 285/75R16 kwenye Land Cruiser ya 80, baada ya kupitia 315

Kwa miaka saba Land Cruiser yangu ya mfululizo wa 80 imevaa matairi ya vipimo vitatu: yale ya kiwandani ya 275/70R16, kisha 315/75R16 niliyoyaendesha kwa miezi 14, na sasa 285/75R16, ambayo yamekwisha kutembea kilometa 38,000. Tathmini hii ni ya hayo ya mwisho, lakini siwezi kuyaeleza kwa haki bila kueleza kwa nini niliyaacha yale makubwa. Chapa sitaitaja, kwa sababu karibu yote niliyoyaona yanatokana na kipimo, uzito na aina ya tairi, wala si jina lililoandikwa ubavuni.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo niliyoiruka mwanzoni. Katika 285/75R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu mmoja basi una milimita 214, na ukijumlisha mbavu mbili na rimu ya milimita 406 unapata kimo cha milimita 834, yaani karibu inchi 33. Kwa njia hiyohiyo tairi la 275/70R16 lina milimita 791 na la 315/75R16 lina milimita 879. Gari hili lina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo springi ndefu huinua bodi peke yake, huku bakuli la difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwa magurudumu, likibaki palepale lilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi tu, tena kwa nusu ya ongezeko la kimo chake. Kutoka tairi la kiwandani, 285 humpa mtu milimita 21 chini ya difu, na 315 humpa milimita 44. Niliangalia hiyo 44 nikaona uamuzi umekwisha.

Injini yangu ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na tabo. Ni injini mvumilivu sana, lakini haina nguvu za ziada za kugawa. Tairi la 315 lina mzunguko mrefu kuliko la kiwandani kwa asilimia 11, na gia zangu za difu zenye uwiano wa 4.1, yaani shafti huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, zikawa zinafanya kazi kana kwamba ni za 3.7. Kwenye barabara tambarare nilikuwa nafika gia ya tano na kuirudisha ya nne kila upepo wa mbele ulipoongezeka. Kwenye mlima mrefu nilipanda kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani nilipanda kwa ya nne. Jambo lililonisikitisha zaidi lilikuwa nje ya lami, yaani palepale nilipotarajia faida: kushuka mteremko wenye mawe kwa gia ya kwanza ya chini kulikuwa kwa kasi kuliko zamani, nikalazimika kukanyaga breki mahali ambapo awali injini yenyewe ililizuia gari. Breki nazo zilidai mguu mzito zaidi, kwa sababu tairi lenye kimo kirefu huipa ardhi mkono mrefu wa kushindana na diski ileile.

Dawa ya kweli ya hali hiyo ni kubadilisha gia za difu. Uwiano wa 4.56 ungerudisha mwendo wa kiwandani karibu kabisa, na wengi wenye matairi haya huenda hadi 4.88 ili wapate nguvu zaidi kwenye gia za chini. Ni kazi nzuri ikifanywa na fundi anayejua kupanga meno ya gia, ila maana yake ni kufungua difu zote mbili, kwa kuwa gari linalovuta kwa ekseli mbili haliwezi kuwa na uwiano tofauti mbele na nyuma.

Kulikuwa na mengine. Usukani ukikatwa hadi mwisho, matairi ya mbele yalisugua mikono inayoshika ekseli kwenye chesisi. Fundi alirefusha bolti za kuzuia usukani, msuguano ukaisha, na gari likahitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuka, jambo linalouma sana kwenye njia nyembamba yenye miti. Tairi la nyuma liligusa ndani ya madigadi kila gurudumu moja lilipopanda juu ya jiwe, ingawa nilikwisha kufunga springi za kuinua gari kwa milimita 50. Tairi la akiba halikuenea mahali pake chini ya gari. Na uzito: nilipima matairi matupu kwa mizani, la kiwandani likawa na kilo 19, la 315 lenye meno makubwa ya matope kilo 32. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi, kwa hiyo kila shimo lilifika kwenye shokapu na beringi likiwa na nguvu ya kilo hizo zote, mara nne.

Kuhusu mafuta naomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu nilijidanganya kwa miezi kadhaa. Safari moja kilometa za kwenye dashibodi zilionyesha 400 na nilijaza lita 60, nikahesabu lita 15 kwa kila kilometa 100, kutoka 12.5 za zamani. Lakini tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali uleule. Gari lilikuwa limetembea kilometa 444, na matumizi halisi yalikuwa lita 13.5. Ongezeko lilikuwepo, ila si lile nililokuwa nikilalamikia. Kosa hilohilo lina hatari barabarani, maana spidomita ikisoma 100 gari linakwenda 111. Mtu akibadilisha kipimo cha tairi, na apime kasi yake kwa simu yenye ramani ya setilaiti siku hiyohiyo.

Nilipoyaondoa, nilijiuliza kwa utulivu ni mara ngapi katika miezi ile 14 zile milimita 23 zilizozidi kati ya 285 na 315 zilinipitisha mahali ambapo nisingepita. Nilikumbuka mahali pamoja.

Matairi ya 285/75R16 niliyonunua ni ya aina ya AT (all-terrain, ya lami na ya porini), yenye meno ya wastani, na daraja la mzigo E, ambalo wengi huliita plai 10. Ubavuni yameandikwa 126/123: 126 ni kilo 1,700 kwa tairi moja, na namba ya pili ni ya tairi linapofungwa mawili mawili upande mmoja kama kwenye lori. Kila moja lina kilo 26. Yalikaa kwenye rimu zangu za kiwandani za inchi 16 zenye upana wa inchi 8, bila spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje) wala rimu zinazotokeza nje, na kwa hili nafurahi mno, kwa sababu rimu inayotokeza huongeza mzigo wa beringi, huvuta usukani kila upande mmoja unapopita kwenye shimo, na hutupa matope juu ya milango. Kwa springi zilezile za milimita 50 hayagusi popote. Spidomita sasa inakosea kwa asilimia 5, na injini imerudi kupanda milima yake kwa gia ninazozijua. Tairi la akiba, la kipimo kilekile, limerudi chini ya gari. Gari langu huvuta magurudumu yote manne muda wote, na tairi moja lenye kimo tofauti lingeilazimisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka.

Kuna jambo la springi ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya kuzifunga. Ukiinua mbele ya gari la aina hii, ekseli huzunguka kidogo kwa sababu ya ile mikono inayoishika, na pembe ya kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, hupungua. Karatasi ya alaimenti ilionyesha nyuzi 3 kabla na takriban nyuzi 1 baada ya kuinua. Usukani ukawa haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye kasi ya barabara kuu gari lilitangatanga kiasi cha kunichosha mabega. Nililaumu matairi makubwa. Ukweli ni kwamba bushi za kurekebisha kasta, zile zenye tundu lisilo katikati, zilipofungwa kwenye mikono ya mbele, ugonjwa uliisha siku hiyohiyo. Vilevile ekseli ilikuwa imesogea upande mmoja kwa milimita chache, kwa sababu ya fito inayoizuia isiyumbe kulia na kushoto. Fito yenye urefu unaorekebishika iliirudisha katikati. Kuhusu springi zenyewe, chagua kwa uzito ambao gari hubeba kila siku. Springi za mzigo mkubwa kwenye gari tupu hufanya kila safari kuwa ya mateso, na matairi hushindwa kushika ardhi kwa kuwa gari linarukaruka.

Upepo ndio ulionifunza zaidi. Kwenye lami naweka 38 psi (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) tairi likiwa baridi, na baada ya saa moja ya mwendo nasoma tena: ikipanda hadi karibu 42 naridhika, ikizidi sana hapo najua upepo ulikuwa mdogo na tairi linapata joto kwa kujikunja. Kwenye barabara ya changarawe nashusha hadi 28, kwenye mawe 20 hadi 22, na kwenye mchanga laini 16 hadi 18. Tairi lililopunguzwa upepo hurefuka pale linapogusa ardhi kuliko linavyopanuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari juu ya mchanga. Nimepita kwa matairi haya kwenye mchanga ambao ulinizamisha nikiwa na 315 za 30 psi. Sharti lake ni kupunguza mwendo na kutokata usukani kwa ghafla, maana chini ya psi 12 hivi tairi huweza kubanduka kwenye rimu ya kawaida, na ni lazima kompresa iwe ndani ya gari kabla ya kurudi lamini. Kompresa na kipimo cha upepo cha kuaminika vimenifaa kuliko winchi, ambayo katika miaka saba nimeitumia mara mbili.

Kasoro ya matairi haya ni moja, na ni kosa la uchaguzi wangu. Mbavu za daraja E ni ngumu. Gari likiwa halina mzigo kila tuta linasikika kitini, na kwenye mchanga hunilazimu kushusha upepo zaidi kuliko wenzangu ili tairi lilegee. Kipimo hikihiki hupatikana katika daraja C lenye namba 116, yaani kilo 1,250 kwa tairi, ambazo zinatosha kabisa kwa gari langu hata likiwa limejaa. Kwenye matope mazito meno ya AT hujaa mapema na kuwa laini kama kipara, ila mimi matope huyakuta wiki chache tu kwa mwaka.

Mpaka sasa nimepata pancha moja, ya msumari. Meno yalianza na milimita 13 na yamebaki 8, yakiwa yamelika sawa kwa sababu nayabadilisha nafasi kila kilometa 8,000, tairi la akiba likiwemo. Yatakapokwisha nitanunua 285/75R16 tena, za daraja C.