Kalenda ya mezani ya historia ya Marekani: inunue, ila karatasi ya Januari mosi isome kalamu ikiwa mkononi

Nimeinunua kwenye meza za vitabu za Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwa shilingi 15,000. Muuzaji alianzia 20,000. Ni kalenda ya kugeuza karatasi kila siku, imefungwa kwa waya juu. Kila siku ina tukio moja kubwa la siasa au jamii ya Marekani: mbele tarehe na kichwa cha habari, nyuma maelezo. Imeandikwa kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichonifanya nitoe hela. Nafanya kazi kiwandani Barabara ya Nyerere na ni mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilitaka kitu cha kuweka pale tunapokula mchana, watu wasome wabishane.

Karatasi iliyonirudishia hela yangu yote ni ya Januari 5. Siku hiyo mwaka 1914 Henry Ford alitangaza kwamba kiwanda chake cha magari cha Highland Park, Michigan, kitalipa dola 5 kwa siku, na zamu itapungua kutoka saa tisa za kazi hadi nane. Malipo ya awali yalikuwa kama dola 2.34. Kalenda nyingine ingeishia hapo tupige makofi. Hii inaeleza sababu. Mwaka 1913 Ford alianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha fremu moja ukashuka kutoka zaidi ya saa kumi na mbili hadi dakika 93. Lakini kufunga nati ileile kutwa nzima kuliwachosha watu, wakawa wanaondoka. Mwaka huo aliajiri watu zaidi ya 50,000 ili tu abaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Yeyote aliyewahi kupanga zamu anajua hesabu hiyo inavyouma.

Nilikuwa naisoma kwa sauti, hata sijamaliza, dada mmoja wa ufungashaji akadakia: "Mwenyekiti, hiyo dola 5 ni mshahara au ni posho?" Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lipo nyuma ya karatasi. Mshahara ulibaki palepale. Kilichozidi kiliitwa mgawo wa faida, na mgawo ulikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walikwenda hadi majumbani kuangalia mfanyakazi anaishi vipi, anakunywa kiasi gani, ameweka akiba au la. Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa kabisa. Tangazo lilipotoka maelfu walijazana getini kutafuta kazi, wakaishia kumwagiwa maji ya mpira katika baridi ya Januari.

Basi pale mezani tukagawanyika. Wapo waliosema wangekubali kukaguliwa hadi jikoni, maana Januari ni mwezi wa ada na sare. Yule dada akasema: "Waje wakague, ila walipe kwanza." Mimi nilisimama upande wa waliokataa, na bado nipo hapo. Mshahara ni haki ya kazi uliyofanya. Haupimwi kwa unavyolala nyumbani kwako.

Lalamiko langu kubwa ni Januari 1. Kichwa kinasema Rais Abraham Lincoln aliwaachia huru watumwa wote mwaka 1863. Si kweli, na kosa hilo ni zito. Tangazo lake, lililotoka katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, lilihusu maeneo ya Kusini yaliyokuwa yameasi na kujitenga. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, ambazo hazikujitenga, watumwa wake hawakuguswa. Utumwa ulifutwa nchi nzima na Badiliko la 13 la Katiba, Desemba 1865. Tangazo lilikuwa na nguvu nyingine ya kweli: lilifungua jeshi kwa watu weusi, na karibu 180,000 waliingia kupigania uhuru wao. Hilo halimo, ilhali nusu ya ukurasa wa nyuma ni tupu! Pangetosha pia kutukumbusha kwamba merikani, kile kitambaa cha pamba kilichouzwa Unguja na kubebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, ilifumwa Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Vita ilipoanza 1861 pamba ikaadimika na biashara hiyo ikayumba. Mchapishaji anayeandika kwa Kiswahili angeanzia hapo.

Januari 3 na 4 ni Alaska na Utah kuwa majimbo, 1959 na 1896, geuza uendelee. Januari 6 ina hotuba ya Rais Franklin Roosevelt ya 1941 kuhusu uhuru wa aina nne: wa kusema, wa kuabudu, wa kutoishi katika uhitaji na wa kutoishi kwa hofu. Imeelezwa vizuri. Chini yake kuna mstari mmoja tu kuhusu 2021, umati ulipovamia Bunge la Marekani wakati matokeo ya uchaguzi yakithibitishwa. Jambo zito hivyo lilistahili nafasi zaidi. Na kama Januari 6 imebeba mawili, kwa nini Januari 5 ikose Nellie Tayloe Ross? Aliapishwa Wyoming siku hiyo mwaka 1925, mwanamke wa kwanza kuwa gavana Marekani.

Januari 8 ni Rais Lyndon Johnson akitangaza vita dhidi ya umaskini, 1964. Sisi tuliokua tukisikia maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, tunaipokea kirahisi. Nimependa kwamba inataja kilichofuata, hasa Medicare ya 1965, bima ya afya ya wazee.

Karatasi ni nyembamba, wino wa nyuma unaonekana mbele, na ukiisoma karibu na dirisha lenye jua utapata tabu. Nakala niliyoikuta juu ya rundo waya wake ulikuwa umepinda, karatasi zinakwama. Mwambie muuzaji aitoe kwenye nailoni, ugeuze Januari yote kabla hujalipa, na usikubali 20,000.