Tathmini: Huduma ya Zimamoto ya Vijijini ya New South Wales, Australia

Kwa anayeishi mashambani katika jimbo la New South Wales, mbali na miji yenye wazimamoto wa kuajiriwa, huduma hii iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ndiyo tegemeo la kwanza moto wa porini unapozuka. Wanachama wake, ambao ni zaidi ya 70,000, karibu wote hawalipwi. Ni wakulima, walimu, mafundi na wastaafu waliofunzwa kazi hiyo, na wanaifahamu ardhi yao, wakijua njia isiyopitika kwa lori, bwawa lenye maji, na nyumba ya mzee asiyeweza kuhama bila msaada.

Binafsi ninaisifu zaidi kazi inayofanyika kabla ya janga, pale vikosi vinapochoma nyasi na majani makavu kwa utaratibu katika miezi ya ubaridi, na kutoa vibali vya kuchoma moto katika msimu wa hatari, ambao kwa kawaida huanza Oktoba hadi Machi. Programu ya simu ya kuonyesha moto ulipo ni nzuri, ilimradi mtandao upo.

Udhaifu uko kwenye mfumo wenyewe. Katika msimu wa 2019–2020, ulioteketeza zaidi ya hekta milioni 5 jimboni humo, wanachama wengi waliacha kazi zao za kawaida kwa majuma kadhaa ili kuzima moto kabla serikali haijatangaza fidia, na kwa maoni yangu ilichelewa mno. Aidha, gari la zimamoto haliwezi kufika kila nyumba, hivyo mkazi aondoe mapema majani makavu kwenye mifereji ya paa lake yasije yakashika moto.