TAHADHARI: Fundi wa "kumaliza uvujaji" anayeziba matundu ya kutolea maji kwenye magari ya paa la kukunja

Ndugu zangu wenye magari ya spoti ya paa la kukunja, naandika haya nikiwa kando ya gari langu lililong'olewa viti, kapeti na plastiki zote za ndani. Bati la chini ya mlango wa kushoto limeliwa na kutu hadi kidole kinapita. Mvua haikufanya haya. Amefanya mtu anayejitangaza kwamba anamaliza uvujaji kwa siku moja, kwa dhamana ya maisha. Jina lake silitaji, maana hadumu na jina moja. Shikeni namna anavyofanya kazi, mtamtambua hata akija na jina jipya.

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili. Shida yenyewe ilikuwa ndogo: ikinyesha mvua kubwa, kapeti la nyuma ya kiti cha abiria linalowa. Nilimtumia picha, naye hakuuliza swali hata moja. Hakutaka kujua kama maji yanaingia gari likiwa limesimama au likiwa kwenye mwendo, kama ni mara tu mvua inapoanza au baada ya saa nzima, kama ni upande mmoja au pande zote. Alijibu tu kwamba raba zote zimekufa, na malipo yote yatangulie. Nikalipa.

Nililikuta gari lina mstari mweusi unaong'aa kandokando ya kila raba, na ndani kunanuka siki. Mbele ya macho yangu akamwaga ndoo ya maji katikati ya paa, akafungua mlango, akapapasa kapeti: kavu. Nikafurahi. Laiti ningejua kwamba turubai zima, lisilochanika, halivuji katikati! Maji huingilia pembeni, kwenye kona na kwenye maungio, na huko hakumwaga hata tone.

Sasa sikilizeni alichokifanya, kwa sababu hapa ndipo hasara yote ilipo. Magari haya hayakuundwa kuzuia kila tone. Maji yanayoteremka nyuma ya paa hupokelewa na mfereji wa plastiki uliofichwa chini ya turubai, yakaelekezwa kwenye tundu moja kila upande, nyuma ya mikanda ya viti. Kutoka hapo hushuka kwa mrija hadi chini ya gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Tundu likijaa majani, vumbi na nyuzi za turubai, maji hukosa njia, hufurika na kuingia ndani. Kilichonisumbua kilikuwa hicho tu, na dawa yake ni kuzibua. Yeye alipoona maji yamesimama kwenye tundu, akalijaza silikoni. Upande wa pili vilevile. Hata vitobo vya chini ya milango aliviziba, ingawa maji hupita kandokando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, katika gari lolote, na hutokea kwenye vitobo hivyo hivyo.

Kwa wiki chache kapeti lilikuwa kavu, kwa sababu maji yalikuwa yakijikusanya ndani ya bati la chini ya mlango, mahali usipoweza kuona. Dalili zilianza na ukungu kwenye vioo kila asubuhi. Ikafuata harufu ya uvundo. Mwisho nilikuwa nikikanyaga breki nasikia maji yanacheza chini ya mlango kama dumu lililojaa nusu. Bati likaoza kutokea ndani kwenda nje, na rangi ilipoanza kuvimba, ndani kulikuwa kumekwisha.

Ile harufu ya siki nayo ingenishtua mapema. Silikoni inayonuka hivyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia chuma. Ni ya vigae na vioo vya bafuni, haifai kwenye bati la gari. Isitoshe, haishiki vizuri kwenye raba, na rangi haikai juu ya mabaki yake, kwa hiyo fundi wa bodi atakayekuja baadaye lazima aikwangue yote kwanza.

Nilipomrudia, alisema dhamana yake ni ya silikoni, si ya bodi. Akanitaka nilipe tena awekee raba mpya za kiwandani. Nikaomba kuziona: ni mpira wa kukata kwa mita, hauna umbo la kona wala kishikio cha kuingia kwenye reli yake. Nikaondoka. Pesa sijarudishiwa mpaka leo.

Kwangu mimi hasara ni bati, lakini wengine wanaweza kuumia zaidi. Kwenye BMW Z4 ya kwanza, mota ya haidroliki inayofungua paa imekaa kwenye kona ambamo maji ya paa hupita. Njia ikiziba, mota huzama. Kwenye Porsche Boxster za mwanzo, kifaa cha elektroniki kinachosimamia ufunguo na kufuli kiko chini ya kiti, karibu kabisa na sakafu. Kikilowa, gari linaweza kukataa kuwaka. Hata kwangu, betri iko kwenye buti, na buti likilowa mambo huharibika upesi. Kwa hiyo mtu akikuambia uvujaji ni jambo la kupaka tu, muulize kwanza maji ya paa la gari lako yanatokea wapi. Huyu wetu hajui, nami nina hakika hajui, kwa sababu nilimuuliza siku ile ya ugomvi akaniambia magari haya hayana matundu.

Fundi mkweli huanza kwa kutafuta, na kutafuta kunachukua muda. Atang'oa kapeti, kwa sababu sponji iliyo chini yake hunywa maji mengi huku juu pakionekana pakavu, na maji husafiri. Mahali palipolowa mara nyingi si mahali palipovuja. Atakausha kila kitu kwanza. Kisha atatumia mpira wa maji wa nguvu ndogo, bila kichwa cha kurushia, aanze chini na kupanda taratibu, akikaa dakika tano au zaidi kila sehemu huku mwenzake yuko ndani na tochi. Ukianzia juu, maji huteremka yakapita kila mahali na huwezi kujua yameingilia wapi. Mashine ya presha haifai kabisa, maana husukuma maji hata kwenye raba nzima.

Raba za milango unaweza kuzipima mwenyewe. Bana kipande cha karatasi mlangoni halafu ukivute: kikitoka bila kukaza, raba haigandamizi hapo. Au paka raba unga wa chaki, funga mlango, fungua tena, uangalie mstari uliobaki kwenye kioo. Palipokatika ndipo penye mwanya, na mara nyingi tatizo ni kioo kilichokaa vibaya, raba yenyewe haina kosa. Mengine ya kukagua ni raba za taa za nyuma, taa ya breki ya juu, shina la antena, na ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya pambo la mlango, ambayo mafundi wengi wakishaibandua hawaigandishi tena. Na kama miguuni panalowa hata jua likiwaka, mvua haihusiki. Maji matupu huwa ni ya kiyoyozi. Yakiwa yanateleza na yana harufu tamu, ni ya rejeta, yanavuja kwenye kipasha joto.

Wanaotaka kununua gari nao wawe macho, kwa sababu nimegundua huyu bwana pia huyaandaa magari ya kuuzwa. Picha zote paa limefunguliwa, kapeti jipya kwenye gari la zamani, manukato makali, vifuko vya kunyonya unyevu chini ya viti. Muuzaji akikataa usiinue kona ya kapeti, usinunue.

Kama tayari umeshapita mikononi mwake, fanya hivi leo hii. Mimina kikombe cha maji polepole kwenye tundu la nyuma ya mkanda wa kiti, kila upande, halafu chungulia chini ya gari. Maji yasipotoka, kata ile silikoni kwa mkono, usiichokonoe kwa waya mgumu, utatoboa mrija. Ukifika kwenye mrija, pitisha uzi wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani, taratibu mpaka utokee chini. Msikubali mtu apulize kwa kompresa, kwa sababu upepo unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungo chake, na kuanzia hapo maji yote yatamwagika ndani ya bodi. Zibua na vitobo vya chini ya milango. Halafu gonga bati la chini ya mlango kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele kwenda nyuma. Ukisikia sauti inabadilika kuwa nzito, kuna maji, na usilale kabla hujayatoa.

Upande wangu wa kulia niliuwahi kwa njia hiyo. Yalitoka maji meusi ya kujaza beseni, na bati bado ni zima.