Lenzi ya milimita 50 iliyonifundisha kusogea

Nasomea upigaji picha hapa Unguja, na hii Canon EF 50mm f/1.8 STM nimeitumia miezi minane. Ilitoka 2015, ina gramu 160 tu. Ukiibeba kutwa shingo haichoki. Haivuti: ukitaka karibu, nenda kwa miguu yako.

Niliipenda nikiwa bustani ya Forodhani, baada ya magharibi. Nilifungua tundu la kuingizia mwanga hadi f/1.8, upana wake wa mwisho, nikamwomba ruhusa muuza mishkaki, nikapiga mkono wake ukiwa juu ya jiko. Kipepeo chake cha kupepea moto kilitoka kikali hadi ncha za ukindu, taa za nyuma zikayeyuka kuwa miduara. Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini, walinihangaisha zaidi. Kwa shata ya 1/250 ya sekunde miguu ilitoka na ukungu. Nikapandisha hadi 1/1000, matone ya maji yakasimama hewani moja moja. Wallahi nilipiga kelele!

Vichochoroni Mji Mkongwe inabana, maana kwenye kamera yangu ya APS-C, yenye kihisi kidogo, inaona kama milimita 80. Mlango mzima wa nakshi hauingii. Basi nikasogea hadi sentimita 35, mwisho wa ukaribu wake, nikapiga picha njumu moja ya shaba mlangoni. Picha hiyo ndiyo niliyoipeleka darasani.