Duka la dawa la pale Mwanga: taa inawaka, masikio yamezimwa

Nianze na wema wao nisije nikaambiwa nina chuki. Bei zao ni nafuu, na usiku Mwanga nzima ikishafunga, kwao taa inawaka. Basi, wema umeishia hapo.

Mama yangu figo zake zimechoka siku nyingi. Kipindi cha mvua akatokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, zahanati wakamwandikia asaiklova, vidonge viwili vya miligramu 400, mara tano kwa siku. Nikaenda dukani na cheti, na majibu yake ya kreatinini, kile kipimo cha figo, mkononi. "Kaka, huyu ni mgonjwa wa figo, hebu niangalizie kama dozi hii inamfaa." Karatasi hakuigusa. Aliisukuma pembeni kwa kikokotoo, kama anafukuza nzi, akaandika 2x5 kwenye bahasha. "Dada, kwani wewe ndiyo daktari? Mpe hivyo hivyo." Waliokuwa nyuma yangu wakacheka.

Siku ya tatu mama akaanza kumwita dada yake, marehemu, aje amsaidie kuanika dagaa. Saa nane usiku! Amekaa kitandani, mikono inatandaza dagaa juu ya shuka, anawageuza mmoja mmoja. Majirani hapa Ujiji walishaanza minong'ono ya majini, na mimi nusura niamini.

Hospitali daktari aliuliza kwanza: anatumia dawa gani? Kumbe asaiklova hutolewa mwilini na figo. Zikiwa hoi, inarundikana na kuchanganya akili. Kwa figo zilipofikia za mama, vile viwili vilitakiwa viwe asubuhi na jioni tu. Wakaisimamisha. Baada ya siku chache mama akauliza nani kamletea uji usio na sukari.

Nyota moja, na hiyo ni ya taa. Ingawa, haki ya Mungu, aliyeandika mara tano si yeye, ni zahanati. Na kule niliwatajia figo? Sina hakika. Haya, ziwe mbili. Lakini yeye nilimwekea karatasi mbele ya macho! Moja.

Juzi usiku mama kaumwa kichwa, wazi ni wao tu. Nikaomba panadoli. Yule yule akaniangalia, "Ni za yule mama wa figo?" Ndiyo. "Hizo sawa, asizidishe tu. Ila diklofenaki, ile ya maumivu, asiguse kabisa."

Nikalipa, nikachukua chenji yangu, sikumjibu.