Ruta ipi ununue kwa nyumba ya Kigoma: ya kwanza hadi ya mwisho

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta pale Mwanga ukasema unataka waifai ya nyumbani, utaulizwa una bajeti gani. Jibu lisubiri. Kwanza hesabu vifaa ulivyo navyo, kisha jiulize vinataka kuzungumza na nani. Kompyuta ya chumbani ikituma kazi kwenye printa ya sebuleni, au televisheni ikicheza filamu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, hakuna bando linaloliwa, maana data haijatoka nje ya ukuta wako. Kumbe kuna nyumba zinatumiana faili kwa WhatsApp kutoka chumba hadi chumba, kwa MB za kulipia! Kwa hiyo mimi napanga ruta, yaani visanduku vinavyosambaza waifai, kwa kipimo kimoja: kifaa kinaiunganisha nyumba yenyewe vizuri kiasi gani, hata siku bando limekwisha.

Ya kwanza: ruta ya 4G ya mezani, iliyo huru, yenye matundu ya waya

Iliyo huru ni ile inayokubali laini ya kampuni yoyote. Zinazouzwa kwa ofa na kampuni za simu mara nyingi hufungwa zisome laini ya kampuni hiyo tu, na mji wetu umekaa vilimani. Laini inayokimbia kileleni yaweza kusinzia bondeni, nyumba chache tu mbele. Azima laini mbili tatu, zunguka nazo nyumba nzima kwenye simu ya 4G, pima kila dirisha. Ruta itakaa kwenye dirisha lililoshinda. Usiipandishe darini chini ya bati, kwa sababu bati huzuia mawimbi.

Nyuma yake tafuta matundu ya LAN, yaani ya kuchomeka waya wa mtandao, mawili angalau. Likiwepo na tundu la USB, uliza kama linakubali diski ya kuhifadhia faili. Likikubali, filamu na picha za familia zinakaa hapo na kila kompyuta inazifikia. Ukiona boksi limeandikwa Cat4, hiyo ni 4G ya hadi 150 Mb/s (megabiti kwa sekunde) kwenye karatasi. Uhalisia utakuwa chini ya hapo, lakini kwa familia inatosha. Muuzaji atakuonyesha pia wingi wa antena. Mwache azihesabu, baadhi ya ruta za bei rahisi zina antena nne na hazizishindi zenye mbili.

Cha kuangalia ni masafa ya mawimbi ya waifai. 2.4 GHz hupenya ukuta wa matofali vizuri zaidi, 5 GHz ina kasi zaidi mkiwa chumba kimoja. Yenye yote mawili ndiyo ya kuchukua, kama tofauti ya bei haikuumizi.

Ya pili: ruta ya kawaida, isiyo na sehemu ya laini

Wengi wanaidharau, mimi naipenda. Bei yake huwa ndogo kuliko ya 4G, inagawa anwani ya mtandao kwa kila kompyuta na inaunganisha printa, basi kazi ya ndani imekwisha. Nyingine zina hali iitwayo WISP: zinapokea waifai ya simu yako kisha zinaisambaza nyumba nzima. Mwenye stationery ndogo Ujiji, kazi yake kuchapa na kurudufu, hahitaji zaidi ya hii.

Faiba, intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa nyuzi za kioo, sijaipa namba kwa sababu hainunuliwi dukani. Kama waya wa TTCL au mtoa huduma mwingine umefika mtaani kwenu, uchukue, halafu ruta hii ya kawaida uiunganishe kwenye kiboksi chao ikiwa waifai yake haifiki vyumba vya nyuma.

Ya tatu: Mi-Fi ya mfukoni

Ni ruta ndogo ya laini yenye betri yake. Inafaa kwa mtu wa safari. Kwa nyumba ina dosari mbili: nyingi hazina tundu la waya, na idadi ya vifaa inayobeba ni ndogo, mara nyingi kumi hivi.

Ya mwisho: hotspot ya simu

Ni bure, lakini mwenye simu akienda sokoni, mtandao umeondoka naye.

Pesa iliyobaki iende kwenye waya na umeme

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Kompyuta isiyohama, pamoja na televisheni, vifungwe kwa waya. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e; kwa kipande kimoja inafika hadi mita 100 na inabeba 1,000 Mb/s. Kwangua uzi mmoja kwa kisu dukani hapo hapo. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika kirahisi na hupoteza nguvu mapema. Usiuchukue hata wakikupunguzia. Matundu yakipungua, swichi ya mtandao (kisanduku cha kuongeza matundu ya waya) ya matundu matano inatosha, na haihitaji kusetiwa chochote.

Umeme ukikatika, ruta hufa hata kama laptop ina chaji. Dawa ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoiwasha umeme usipokuwepo. Soma kwanza lebo ya chaja yako, maana kuna za 9V na za 12V, na kuzichanganya kunaweza kuunguza. Halafu piga hesabu: betri iliyoandikwa 8,800 mAh ya 3.7V ni kama Wh 32 (saa-wati). Ruta inayokula wati 6 itakaa saa nne hadi tano, betri ikiwa kweli ina ilichoandikiwa.

Kununua Kariakoo kunaweza kupunguza bei, ila kifaa kikiwa kibovu kina zaidi ya kilomita 1,200 za kurudi. Ruta na UPS nunua hapa hapa mjini kwenye duka linalokubali kubadilisha, uwashe mbele ya muuzaji, uweke laini yako, ufungue ukurasa mmoja. Waya na vichwa vyake vya kuchomekea, vya RJ45, agiza popote, ilimradi atakayevipokea anajua kukwangua.

Ukifika nyumbani badilisha nywila ya kiwandani, ile ya waifai na ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN).

Waya unaovuka uwanja kwenda vyumba vya uani uwe wa nje, wenye ganda jeusi, upite ndani ya bomba la plastiki. Na mvua za radi zikianza, kuchomoa chaja peke yake hakutoshi: chomoa na waya huo, kwenye ruta na kwenye kompyuta ya upande wa pili.