Choki na risasi za shotigani kwa vichaka vya Lindi na Mtwara: ipi ununue kwanza

Mwindaji wa kwetu akienda kununua choki, ule mbano wa mdomoni mwa mtutu wa shotigani, mara nyingi neno analolitamka ni moja: "Nipe inayobana." Imani ni kwamba choki ikibana zaidi, risasi inakwenda mbali zaidi na kuua zaidi. Nimemfuatilia nguruwe pori kwa saa nne katika mabonde ya Nachingwea, damu ikidondoka tone moja kila hatua ishirini, kwa sababu ya imani hiyo. Hatukumpata. Mnyama aliyejeruhiwa hufa siku ya pili au ya tatu kwa maumivu, au humgeukia mama anayechimba mihogo yake asubuhi. Kwa hiyo ukishika fedha mkononi, anza na umbali unaopigia. Jina la choki lifuate baadaye.

Umbali wetu ni mfupi. Kuanzia Ruangwa, Liwale hadi Nanyumbu, ukiacha mbuga chache zilizo wazi, kichaka ni kizito. Mnyama hujitokeza akiwa mita 15 au 20, na akiwa mbali sana ni 30. Mapendekezo yote hapa chini yamejengwa juu ya ukweli huo, na ni ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ambayo ndiyo wengi tunayo.

Choki ni mbano ulio mwishoni mwa mtutu. Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha karibu milimita 18.5. Choki kamili huubana kwa karibu milimita 1, choki nusu kwa milimita 0.5, choki robo kwa milimita 0.25, na mtutu mnyoofu haubanwi kabisa. Wapimaji wa siku nyingi hutumia duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na kuhesabu marisau yaliyoingia: kamili karibu asilimia 70, nusu 60, robo 50, mnyoofu 40. Hesabu hiyo ni ya marisau madogo ya ndege, na hapo ndipo wengi hukosea, maana goroli kubwa zina tabia yake. Risasi moja ya SG, jina la saizi ya goroli kubwa linaloandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida ina goroli 9 tu, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4. Zikifika kwenye mbano mkali zinasukumana na kubonyea, kwa kuwa madini yenyewe ni laini. Goroli iliyobonyea hairuki kwa kunyooka. Basi choki kamili, uliyoinunua ili ikusanye, ndiyo inayozitawanya.

Hili nililiona kwa macho kwenye bunduki ya mjomba wangu, ya mitutu miwili, wa kulia nusu na wa kushoto kamili, kama zilivyo nyingi za aina hiyo. Tulipasua mifuko ya saruji, tukaitandaza na kuipigilia kwenye fito mbili mbele ya kichuguu kikubwa, baada ya kumjulisha mwenyekiti wa kijiji ili mlio usimshtue mtu. Katikati tukachora kwa mkaa duara la sahani ya wali, karibu sentimita 25, ambao ndio ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu ya nguruwe. Mita 25, SG ileile, pakiti ileile. Mtutu wa nusu uliweka goroli 7 ndani ya sahani. Wa kamili uliweka 4, moja ikakata ukingo wa mfuko, na nyingine hatukuiona kabisa. Tulirudia mara tatu kila upande. Mjomba aliyekuwa akiusifu mtutu wa kushoto kwa miaka mingi alichomeka kidole katika kila tundu, moja baada ya jingine, kisha akaniambia, "Mwanangu, kumbe ni huu uliokuwa unanidhulumu."

Bunduki yako inaweza kutoa jibu tofauti. Ndiyo maana nasema usinunue pakiti nyingi za aina moja kabla hujazipiga kwenye karatasi. Kipimo changu: goroli zisizopungua 6 kati ya 9 ndani ya sahani. Anza mita 15, ongeza tano tano. Pale zinapopungua 6, huo ndio mpaka wako, hata kama jirani anajisifu kupiga mita 50.

Nafasi ya kwanza: choki nusu na SG

Ukiwa na fedha ya choki moja tu, nunua hii. Kwa nguruwe pori na ngiri hadi mita 25 au 30 sijaona mseto unaoishinda. Goroli ya SG ina uzito wa kupenya bega la dume, na nguruwe pori dume huweza kupita kilo 80. Pakiti za Marekani haziandikwi SG. Huandikwa 00, na goroli zake ni zilezile za milimita 8.4. Kama kuna za bei mbili, lipia zile ambazo goroli zimepakwa shaba au nikeli na kukaa ndani ya kikombe cha plastiki, maana hazibonyei ovyo. Tofauti yake utaiona kwenye mfuko wa saruji. Zipo pia zenye kikombe kinachofunguka kwa kuchelewa kinachozishika goroli pamoja. Hizo zinapenda choki iliyo wazi, kwa hiyo zijaribu na robo kabla ya nusu.

Nafasi ya pili: choki robo na SSG

Hii ni ya kichaka kizito kabisa, mahali ambapo huoni zaidi ya mita 20: pembezoni mwa mito, kwenye matete, kwenye mashamba ya zamani ya korosho yaliyoachwa yakajifunga. Goroli za SSG ni za milimita 6.8, na risasi ya gramu 32 hubeba kama 17. Zinajaa vizuri kwenye sahani, ila uzito wa kila moja ni mdogo, kwa hiyo ikipita mita 20 usimpige dume mkubwa nazo. Niliiweka ya pili kwa sababu hiyo tu. Rafiki zangu wa Newala wangeiweka ya kwanza, na kwa vichaka vyao sibishani nao.

Nafasi ya tatu: choki nusu na AAA

Kwa nsya na funo, pale leseni yako inapomtaja mnyama huyo na silaha hiyo. Goroli za milimita 5.2, karibu 40 kwa risasi. Mwisho wake ni mita 25. Kwa nguruwe, achana nayo: itamchoma mafuta na kumtuma porini akiwa na homa.

Nafasi ya nne: choki kamili na marisau namba 5

Hapa ndipo choki kamili inapopata heshima yake, kwa kanga. Kanga ana manyoya mazito na hupenda kuondoka mapema, na mita 35 ni umbali wa kawaida kwake. Lakini kama majirani zako ni Waislamu, kama wangu, fikiria kisu. Wengi hawamgusi kanga aliyekufa kabla hajachinjwa, na choki kamili kwa mita 15 humsambaratisha. Akiwa karibu, tumia nusu, lenga kichwa na shingo, kisha umkimbilie na kisu kabla hajafa.

Za mwisho: choki kamili na SG, au LG kwa choki yoyote

Ya kwanza nimeshaieleza. LG ina goroli kubwa za milimita 9.1, lakini ni chache mno, na kwa umbali wetu huhitaji ukubwa huo. Fedha yako ikae mfukoni.

Sasa jambo linaloponza wengi kuliko choki yenyewe: namba. Marisau namba 4 ya ndege ni ya milimita 3 na kidogo. Goroli za Marekani zilizoandikwa namba 4 ni za milimita 6.1. Mtu ananunua "namba nne" akidhani ni ya nguruwe, anarudi na risasi za njiwa. Usiulize namba. Geuza pakiti, soma milimita, na kama milimita haikuandikwa, hesabu idadi ya goroli zilizotajwa.

Soma pia urefu. Pembeni ya mtutu, karibu na chemba (pale risasi inapokaa), kumechongwa 12/65, 12/70 au 12/76, yaani geji na urefu wa chemba kwa milimita. Urefu wa risasi huhesabiwa ikiwa imeshapigwa na mdomo wake kufunguka, kwa hiyo risasi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama, kisha mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda kwa kasi. Bunduki nyingi za Kiingereza zilizorithiwa na wazee wetu ni za 65. Tafadhali, ya babu ipeleke kwa fundi kwanza. Na kama nyumbani kuna geji 20, usichanganye risasi mfukoni. Ya geji 20 hutelezea ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele ya chemba. Ukiweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa ya njano.

Choki za kufungua na kufunga hazibadilishani hovyo. Kampuni moja ina nyuzi zake za skrubu, nyingine zake, na hata kampuni moja huwa na mifumo miwili. Mimi niliuziwa choki dukani nikiambiwa "inaingia zote", ikaingia mizunguko miwili na kukwama, na kuitoa kulikula nyuzi za mtutu. Nenda na choki yako ya zamani mkononi, uzifananishe urefu na nyuzi pale pale. Kwenye ukingo wake kwa kawaida utaona mikato midogo: mmoja ni kamili, mitatu ni nusu, minne ni robo, mitano ni mnyoofu. Bunduki nyingi za Italia hutumia nyota kwa mpangilio huo huo. Usipige bila choki ndani, wala usipige risasi ya donge moja au marisau ya chuma kupitia choki kamili.

Karatasi zako zikae sawa kabla ya kununua: kibali cha silaha chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na leseni ya uwindaji chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009. Kuwinda usiku kwa tochi ni kosa. Nguruwe wakikuvamia shambani usiku, mwite ofisa wanyamapori wa halmashauri. Na hata mchana, goroli ya SG ikiinuka juu huweza kupita nusu kilomita. Katika mwezi wa palizi, ule mtikisiko kwenye mahindi huwa ni binadamu mara nyingi kuliko mnyama. Usifyatue mpaka umeona kichwa, bega na kilicho nyuma yake.

Walio pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, mna adui mwingine: chumvi. Choki ikikaa miezi mitatu bila kufunguliwa huganda. Kila baada ya kuwinda ifungue, ifute, paka grisi nyembamba kwenye nyuzi, irudishe kwa mkono, kisha kaza kidogo kwa spana yake. Risasi nazo zikae juu, mbali na sakafu ya saruji. Ganda lililovimba au kitako kilichoota kutu ya kijani usilijaribu. Likabidhi polisi.